Shimo la Divai la Theuri

Wakonyo alikuwa kwenye veranda akichambua maharagwe alipogundua kwamba mumewe ameacha kupiga mluzi. Dakika chache tu zilizopita alikuwa amemsikia Theuri akishuka kwenye shimo lake nyuma ya nyumba, mluzi ukififia kadiri alivyoingia. Sasa palikuwa kimya.

"Baba Sophie!" aliita. "Chai iko tayari!"

Hakujibiwa. Aliita tena, na mara ya pili sauti yake mwenyewe ikamtia baridi. Akaweka ungo chini, akaondoka mbio.

Shimo hilo lilikuwa na historia yake. Theuri alihudumu mezani katika hoteli moja ya Nyeri kwa miaka ishirini na tisa, na alipostaafu alirudi Kiriaini na chupa kumi na moja za divai nyekundu alizonunua mojamoja. Alitaka zikae hadi harusi ya binti yao, Sophie. Lakini nyumba ya mabati mchana huwa tanuri, na alfajiri baridi hukata mifupa.

"Waini haitaki joto, haitaki jua, haitaki kutikiswa," alimwambia mkewe. "Na lazima ilale, ndiyo kizibo isikauke."

Alizilaza chini ya kitanda, ufagio wa Wakonyo ukawa unazigonga kila asubuhi. Akazihamishia kabatini karibu na jiko, zikapata joto. Aliulizia bei ya friji ya divai, akarudi nyumbani akicheka peke yake. Mwishowe akachukua jembe akachimba chumba kidogo ndani ya mteremko, ngazi tano za udongo kwenda chini, na mlango wa mbao kuukuu. Chupa alizilaza ndani ya vipande vya mabomba ya plastiki alivyoachiwa na fundi. Humo ndani ubaridi ulikuwa uleule, jua liwake lisiwake.

Mambo yangeishia hapo, lau si matunda ya plamu shambani. Mwaka huo miti ilizaa hadi matawi yakavunjika, na Theuri akaamua kutengeneza divai yake mwenyewe. Alijaza mapipa mawili, akayaingiza shimoni yapoe pamoja na chupa, akafunga mlango. Kwa siku tatu mapipa yalitokota kama uji.

Wakonyo alipofika, mlango ulikuwa wazi nusu. Akausukuma. Mumewe alikuwa amelala kifudifudi juu ya ngazi za chini, mkono mmoja mbele, kama mtu aliyekuwa akipanda akakatizwa. Kando yake taa ya mafuta ilikuwa imezimika.

"Theuri!"

Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu harusi yao. Mguu wake ulikuwa tayari kwenye ngazi ya kwanza, na wa pili unafuata, macho yake yalipoirudia ile taa. Haikuanguka. Ilisimama wima, mafuta yakionekana ndani ya kioo, lakini haikuwaka.

Marehemu baba yake alichimba visima huko Kirinyaga. Hakuteremka hata siku moja kabla ya kushusha taa kwa kamba. Pahali moto imekataa, alikuwa akisema, na wewe ukatae.

Wakonyo alirudi nyuma, akatoa kiberiti mfukoni mwa aproni. Njiti mbili za kwanza zikavunjika. Ya tatu ikawaka. Akapiga magoti mlangoni, akaishusha kwa urefu wa mkono wake. Mwali ukanywea, ukafa, kana kwamba mtu ameupuliza. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mume wake tu, hatua tatu kutoka kwake, na kitu kisichoonekana kimemfunika.

Hapo ndipo hofu ilipomshika kweli. Kila kiungo cha mwili wake kilimwambia aingie. Kubaki mlangoni kulikuwa kama kumtupa. Akang'ang'ania fremu ya mlango kwa mikono miwili, asije akajisahau, akapiga nduru.

Muriithi, jirani aliyekuwa akipogoa kahawa ng'ambo ya ua, alikuja akiruka mitaro. Alipomwona mzee chini, hakuuliza. Aliinama aingie.

"Usiingie!" Wakonyo alimkamata shati, likapasuka begani.

"Mama, si anakufa!"

"Ukiingia mtakufa wawili! Hewa iko mbaya. Leta ile mti ya kuangusha avokado. Kimbia!"

Muriithi alimtazama kama anayemtazama mwendawazimu, kisha akakimbia. Wakonyo akavua shuka alilojifunga kiunoni, akaanza kupunga hewa mlangoni, juu chini, juu chini, akihesabu kwa sauti ili asifikirie. Alifika arobaini na mbili.

Mti ulikuja, mrefu, na kulabu ya chuma mwishoni. Mara ya kwanza kulabu iliteleza. Mara ya pili ikanasa mikanda ya ovaroli ya Theuri pale inapokatana mgongoni. Wakavuta pamoja, miguu ikichimba udongo. Theuri akapanda ngazi moja, kidevu kikigonga. Ngazi ya pili. Muriithi akavuta pumzi, akaizuia, akajinyoosha akashika mikanda kwa mkono, na kwa pamoja wakamburura hadi kwenye nyasi.

Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Wakonyo akaweka sikio kifuani, lakini alichosikia ni moyo wake mwenyewe. Akamlaza chali, akampulizia pumzi mdomoni kama alivyofundishwa na mhudumu wa afya, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Kisha Theuri akakohoa, akatapika kando, akalia kama mtoto.

Walimpeleka hospitali kwa gari la mwenye duka. Daktari alisema plamu zikichacha hutoa gesi nzito inayofukuza hewa, na dakika nyingine mbili au tatu zingetosha kumuua. Siku ya pili Theuri aliweza kuketi.

"Ingekuwa ni wewe uko ndani," alisema polepole, "mimi ningeingia."

"Najua," Wakonyo akajibu. "Nimefikiria hiyo tangu jana, na hiyo ndiyo inaniogopesha."

Theuri akamshika mkono.

Mapipa sasa yako uwanjani, chini ya kibanda kisicho na kuta. Muriithi alipitisha bomba la hewa kutoka sakafu ya shimo hadi chini ya mteremko, na chupa kumi na moja bado zimelala humo zikimsubiri Sophie. Theuri huzikagua kila Jumamosi, mlango ukiwa wazi na kamba imefungwa kiunoni. Ncha ya pili huishika Wakonyo, ameizungusha mara mbili kwenye kiganja, na haiachi hata simu ikilia.