Bata Mzinga wa Posa

Eusebia alishamwambia mgeni wake, leo si siku ya maswali. Leo ni posa ya mwisho ya mwanawe Fidencio, na bata mzinga wa kupeleka kwa jirani Crescencia kafungwa uani, kavishwa utepe mwekundu. Mara zilizopita Crescencia aliwarudisha na zawadi zao, kama desturi inavyomtaka mama wa binti ajishaue. Lakini ya leo ikirudi, ndoa hakuna. Ikifika mbele ya madhabahu ya nyumba ya binti, haitoki tena: posa imekubaliwa.

Wendell asikie wapi! Mmarekani huyu mpole alikuja kulinganisha Kinahuatl, lugha ya kijiji hiki, na Kiingereza, na tangu aje hapumziki.

"Mama, moja tu. Kuku akikimbia kuja kwako unasemaje? Akikimbia kwenda mbali je?"

"Si nimekwambia? Kitendo tunakitangulizia kipande: hiki cha kuja huku, hiki cha kwenda kule. La sivyo mtu atajuaje umesimama wapi?"

"Sisi tunakiweka nyuma. Mara nyingine hatukiweki kabisa."

"Basi lugha yenu ina mkia, yetu ina pembe. Niache nisuke nywele."

Kumbe Wendell alitaka kuona kwa macho. Alipokosa kuku wa karibu, akamfungua bata.

"Mama, mimi namfukuza, wewe sema!"

Ole wake! Bata aliruka ua, Wendell nyuma yake, Eusebia nyuma yao na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

"Anakwenda kule! Mlete huku! Huku, we mtoto, si huko!"

Na yule baradhuli, badala ya kukamata, anakariri "kule, huku" kwa furaha.

Bata aliingia jikoni kwa Crescencia, akapindua chungu cha uji wa mahindi, akapita hadi sebuleni, akasimama mbele ya madhabahu, katikati ya mishumaa, akajikung'uta.

Eusebia alifika mlangoni, akaona. Mwanangu nimemharibia ndoa mwenyewe, aliwaza, hataoa tena.

"Nilishajipanga," alifoka Crescencia, mwiko mkononi. "Nikatae kidogo, nilie kidogo, mnibembeleze. Ninyi mnanirushia bata kama jiwe!"

Binti yake, Odilia, alikuwa amejiziba mdomo kwa rebozo, mtandio wake, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Crescencia alimtazama, akatazama picha ya marehemu mumewe pale madhabahuni. Amtoe bata mbele ya marehemu?

Wendell, aliyeachwa nyuma kwa kukariri, akafika, anahema, hana haya.

"Samahani, mama. Hapa mngesema bata amekwenda, au amekuja?"

Eusebia alitamani kumkaba koo.

"Inategemea anayesema yuko wapi," alijibu kwa sauti ndogo, na macho yote yakamgeukia mwenye nyumba.

Crescencia alijifuta uji mguuni, taratibu.

"Amekuja," alisema. Kisha akamvutia Eusebia kigoda. "Na wewe kaa hapa, mkwe mwenzangu, nikumalizie hizo nywele."