Gayogayo wa Ivy Garth

Makumbusho yetu ya Port Cardwin ni chumba kimoja kilichokuwa ghala la barafu. Maonyesho ya kadi za zamani za matangazo ya samaki yalikuwa yafunguliwe Jumamosi, na kufikia Alhamisi nilikuwa nimeiandikia kila picha maelezo yake isipokuwa moja: kadi ya wauza samaki Hollis na Wanawe, yenye gayogayo mkubwa, samaki bapa alalaye mchangani, wa kijani kibichi, madoa yake yamechorwa moja moja bila haraka.

"Huyo ni wa mama yangu," Bi Merle alisema kwa mara ya tano wiki ile.

"Pembeni pameandikwa Larkham," alijibu Desmond, mwenyekiti wetu, mvuvi mstaafu aliyesoma darasa moja na Bi Merle.

"Kila kitu kiliandikwa Larkham. Kiwanda cha uchapaji kilikuwa chake. Angeweza, angempiga chapa hata paka."

"Merle, hapa ni makumbusho, si jikoni kwako. Lete ushahidi, tutaandika."

Mwaka 1931 mama yake, Ivy, alikuwa na miaka kumi na saba. Kazi yake ilikuwa kusugua mawe ya kuchapia kwa mchanga na maji mpaka yalainike, ili Larkham achore juu yake. Kadi ile ilikaa ukutani juu ya jiko lao maisha yake yote. "Nilichora mara moja tu," alimwambia binti yake. "Hawakunipa jiwe tena." Kwa nini, hakusema. Sasa Bi Merle ana miaka themanini na saba, na alichotaka ni jina la mama yake chini ya samaki yule.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, na bado niliamini kwamba ukweli ukitafutwa kwa upole hujitokeza. Nikapekua kila boksi la kiwanda. Hakuna barua, hakuna chochote chenye jina la Ivy.

Ijumaa mchana Bi Merle aliniita kula.

"Kaa, mtoto wa chuo. Huwezi kupambana na Desi ukiwa na njaa."

Alikuwa amenunua gayogayo wawili gatini. Akawalaza kwenye ubao, macho juu, matumbo yakimwelekea yeye, akaanza kuwapaka unga. Vichwa vyote viwili vilielekea kulia.

Nikatoa simu, nikaangalia picha ya kadi. Tumbo chini, kichwa kushoto.

"Bi Merle, gayogayo wote wa huku wako hivi?"

"Hivi vipi? Macho yote mawili upande wa kulia. Hata Desi anajua hilo."

Kinachochorwa juu ya jiwe hutoka karatasini kimegeuka, kama kwenye kioo. Kwa hiyo fundi huchora kinyume. Akisahau, kwa samaki wengi hakuna atakayejua, maana pande zao mbili zinafanana. Gayogayo hasamehe hivyo, maana macho yake yote yako upande mmoja. Larkham alikuwa na miaka thelathini katika kazi ile. Kwenye kalenda yake alichora gayogayo mwingine, na huyo kichwa chake kilielekea kulia. Herufi za kadi zilikuwa na fundi wake, aliyeandika kinyume kila siku. Aliyebaki pale kiwandani ni msichana mmoja tu, mwenye mchanga mikononi.

Samaki walipokuwa mezani, niliweka uma chini. Nikimwambia, angepata jina alilolitaka. Angejua pia kwa nini mama yake hakupewa jiwe tena.

"Sema," alisema. "Chakula kinapoa."

Nikamwambia. Akawatazama samaki sahanini.

"Kwa hiyo alikosea."

"Ndiyo."

"Na akambandika ukutani, tukamtazama kila siku, asiseme neno." Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Mama huyu."

Jioni ile, sote watatu tukiwa makumbusho, Desmond alivaa miwani yake, akaiweka kadi kando ya kalenda.

"Nimewavua gayogayo kwa mkuki tangu nikiwa na miaka tisa," alisema, "na huyu nimempita mara elfu."

"Ulikuwa unautazama mkuki," alisema Bi Merle.

"Larkham asingefanya hivi hata amelewa." Akanigeukia. "Andika jina la Ivy. Hayo mengine tuyaache, si vizuri kumwaibisha mama wa watu."

"Nani ameaibika?" Bi Merle akavuta kiti karibu yangu. "Kosa ndilo lililomleta hapa, Desi, wewe na ushahidi wako. Andika, mwanangu. Ivy Garth, miaka kumi na saba. Jiwe lake la kwanza na la mwisho. Samaki amegeuka, kwa sababu alimchora kama alivyomjua."

Desmond akakohoa, akachukua rula kutoka mezani, akaishikilia juu ya karatasi ili mstari wangu usipinde.