Kilima cha Kuwashia Trekta

Mume wangu Gavra tulimzika mwezi wa pili, na wanaokuja kunipa pole huniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nawaambia alikuwa mpole na mchapakazi, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa. Hapa naandika lile ambalo siwaambii, la kiangazi cha mwaka sabini na nne, tulipokuwa na trekta lisilo na stata, kile kifaa cha kuwashia injini.

Stata ilikufa wakati wa Pasaka. Tuliagiza nyingine, na kila wiki tuliambiwa inakuja. Trekta kama lile, bila stata, lina njia moja tu ya kuwaka bila kundi la watu wa kusukuma: unalipandisha mahali pa juu, unalitia gia, unaliacha literemke, kisha unaachia klachi. Kwa watu wa milimani hilo si jambo la kuzungumza. Lakini sisi ni watu wa Banat, nchi tambarare. Kwetu ukimwaga maji sakafuni, yanasimama kwanza yakijiuliza yaende upande gani. Mwinuko kijijini ulikuwa mmoja tu, kichuguu cha udongo kando ya bwawa la mabata bukini, ambamo wamezikwa watu wa zamani wasiojulikana na yeyote. Kilikuwa kirefu kama paa la nyumba yetu. Tulikiita Mlimani.

Jirani yetu Aćim naye stata yake ilikufa. Wakakubaliana kupokezana: leo Gavra analaza trekta Mlimani, kesho Aćim. Mpango ulikwenda vizuri mpaka Aćim aliposema mbele ya watu, nje ya kanisa, kwamba trekta la Gavra linalia kama cherehani. Gavra akamjibu, "Cherehani angalau inashona. Lako linakohoa tu." Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Kupokezana nako kukafa, kwa kuwa huwezi kupokezana na mtu usiyesema naye.

Ukafika mwezi wa saba, ngano ikaiva. Kombaini ya ushirika ilikuwa moja, na ilikwenda kwa orodha. Jumanne sisi tulikuwa wa kwanza, Aćim wa pili. Sheria yake kila mtu aliijua: kombaini ikifika shambani kwako saa tatu, umande ukishakauka, ikakuta huna trekta na tela la kupokelea ngano, inakwenda kwa anayefuata, na wewe unarudi mwisho wa orodha, nyuma ya nyumba arobaini. Mwaka uliotangulia tulirudi mwisho wa orodha. Mvua ya mawe ilitutangulia shambani, na majira yote ya baridi tulikula mahindi, sisi na nguruwe.

Kwa hiyo Jumatatu mchana Gavra aliacha kula supu nusu, akatafuta vijana wa kusukuma, ambao asubuhi ya mavuno wasingepatikana, mpaka trekta likawaka, akaenda kuwahi nafasi Mlimani. Mimi nilimfuata na mawe ya kuzuia magurudumu. Tukamkuta Aćim yuko juu tayari, trekta lake limeelekea barabarani, mwenyewe kaketi juu yake anatafuna mbegu za alizeti.

"Mwambie mumeo pamejaa, shemeji," akaniambia. Gavra alikuwa hatua tatu kutoka kwake.

"Mwambie yeye kwamba Mlimani hapana hati ya baba yake," akasema Gavra.

Akazunguka, akapanda kwa upande wa bwawa, akasimamisha trekta nyuma ya la Aćim, pua kwa mkia. Nikaweka mawe. Kisha nikaona alichokifanya.

"Gavra, asubuhi utatokaje? Mbele yuko Aćim."

"Nitashuka kinyumenyume. Rivasi nayo ni gia."

"Nyuma kuna bwawa."

"Kabla ya bwawa kuna hatua thelathini, Lepa. Linawaka kwa hatua kumi."

Jumanne saa mbili unusu asubuhi tulikuwa pale. Aćim naye alikuwa pale, ingawa zamu yake ilikuwa bado. Angeteremka yeye kwanza, njia ya barabarani ingekuwa wazi. Kilichotakiwa ni Gavra kusema maneno mawili: jirani, tupishe. Nilimwona akiyatafuna hayo maneno na kuyameza.

"Toa mawe," akaniambia.

Nikayatoa. Trekta likashuka kinyumenyume polepole, mabata wakaanza kupiga kelele. Hatua kumi, kimya. Hatua ishirini, likakohoa. Hatua thelathini ziliisha. Magurudumu makubwa ya nyuma yakaingia majini, yakafuata na ya mbele, na hapo katikati ya bwawa, maji yakiwa yamefika ubaoni pa kuwekea miguu, injini ikanguruma vizuri kabisa.

"Limewaka," akasema Gavra. "Umesikia, Lepa? Limewaka."

Akatia gia ya mbele. Magurudumu yakazunguka palepale na kumrushia tope mgongoni. Bata mmoja akapanda juu ya boneti, akajipangusa, akakaa.

Aćim alikuwa amelala juu ya usukani wake kwa kucheka. Alipopata pumzi akaita, sasa moja kwa moja, "Vipi huko, jirani?"

"Naosha trekta," akajibu Gavra.

"Ukimaliza kuosha niite."

Lazima nieleze kuhusu kuvutwa. Siku hizo mtu akionekana anavutwa na trekta la mwenzake, aliitwa Tela maisha yake yote. Kuna mzee mmoja alikufa na jina hilo, na kwenye mazishi watu walisikika wakisema, "Tela ametutoka." Gavra angeuza shamba kabla ya kuomba mnyororo. Na ng'ambo, barabarani, vumbi la kombaini lilikwisha kuonekana likielekea shambani kwetu.

Kule shambani alikuwa mama mkwe wangu Persida, na tela, na kikapu cha chakula. Nilimwomba Mungu kwamba Deže, dereva wa kombaini, awe na njaa.

"Aćim," nikasema, "yeye haombi. Mimi naomba."

"Wewe sikukosana nawe, shemeji. Aombe yeye."

Gavra akamsukuma bata akae vizuri, akatazama mbinguni kama mtu mwenye nafasi nyingi. Kisha akasema, kama anazungumza na bata, "Kwanza hata angetaka hawezi. Trekta lile haliwezi kumtoa bukini majini."

Aćim akaacha kucheka. "Haliwezi?"

"Haliwezi."

"Unasema trekta langu haliwezi."

"Nasema lingekatika vipande viwili. Nisingependa kuona."

Aćim akateremka Mlimani kwa nguvu hata nikadhani atavuka barabara na kuingia kwa padri. Likawaka kwa hatua tano. Akazunguka, akanitupia mnyororo, nikaingia majini na sketi yangu ya kazi nikafunga mbele. Dakika mbili baadaye trekta letu lilikuwa kwenye nyasi, likitiririka maji.

"Kumbe linaweza," akasema Gavra, akaondoka bila kugeuka. Niliona masikio yake. Yalikuwa mekundu.

Tulifika saa tatu na nusu. Kombaini ilikuwa imesimama mwanzo wa shamba letu, imezimwa. Deže alikuwa amekaa chini, mkanda umefunguliwa, na Persida amesimama mbele yake na kipande cha kumi na moja cha mkate wa kukunja wa cheri.

"Mama, nina orodha," Deže alikuwa akisema kwa unyonge.

"Orodha haishibishi, mwanangu. Kula."

Ngano yetu ilivunwa kabla ya saa saba, na ya Aćim ikafuata siku ileile. Mvua ya mawe ilikuja Alhamisi.

Jioni ya Jumanne ile foleni ya kwenye ghala la nafaka ilikuwa ndefu, na uwanja wa pale ni bapa kama meza. Gavra hakuthubutu kuzima injini, na ofisini alitakiwa kwenda kusaini. Akaenda akitazama nyuma kila hatua. Aliporudi alimkuta Aćim amekaa kwenye kiti cha trekta letu, mguu juu ya pedeli ya mafuta, injini ikizidi kunguruma kila ilipotaka kufa.

"Unafanya nini humo?" Gavra akamuuliza.

"Sikulindii kitu," akasema Aćim. "Nimekaa kivulini."

Kivuli hakikuwepo. Gavra akasimama kidogo kwenye jua, kisha akanyoosha mkono, na Aćim akammiminia mbegu za alizeti.