Mfuko Usiorudisha

Niliota, usiku wa kuamkia leo, niko darasani nasahihisha madaftari ya hisabati. La juu lilikuwa la Zulfa, mbishi wa kidato cha tatu. Mchana nilikuwa nimemwekea kosa: gololi moja imetoka mfukoni, haikurudishwa, naye akaandika zimebaki nne. Nikamfokea kwamba mfuko ni ule ule, wa gololi tano. Sikutaka kusahihishwa na mwanafunzi.

Mfuko wa gololi ukakohoa mezani. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Leo nina watu watano."

Nachungulia. Ndani ni sebuleni kwangu: mume wangu, mama mkwe, binti zangu Salha na Nuriati, na mimi mwenyewe nimeinua macho.

"Natoa mmoja, kisha wa pili, bila kurudisha. Uwezekano wa wote wawili kuwa binti zako ni upi? Ukikosea, natoa kweli."

"Mbili juu ya tano, mara mbili juu ya tano," nikajibu haraka, kwa mazoea ya miaka kumi na sita. "Nne juu ya ishirini na tano."

"Kwa hiyo binti mmoja anaweza kutoka mara mbili?"

Mfuko ukajitia mkono, ukamtoa Nuriati. Zikabaki ndala zake tu. Ubaoni, chini ya mstari wa sehemu, tano ikajifuta yenyewe, ikawa nne.

"Ikiwa Nuriati ameshatoka, uwezekano wa kumtoa Salha?"

Ulimi unataka kusema tano. Nauuma. "Moja juu ya nne," nasema huku nalia.

"Sahihi. Salha abaki."

"Na Nuriati?"

"Mwalimu, swali lilisemaje?"

Nikajibu kwa sauti yangu ile ile ya darasani. "Bila kurudisha."

Niliamka nimelowa jasho, kumeshakucha. Nikamshukuru Mungu, nikajicheka, nikaenda jikoni kutoa vikombe vya chai.

Mama mkwe alikuwa anakoroga uji. "Mama Salha, mbona vikombe vitano? Tuna mgeni?"

Nikakimbilia mlangoni. Salha alikuwa anavaa ndala zake, na kando yake kulikuwa na jozi nyingine, ndogo kidogo.

"Mama," akaniuliza, "hizi za nani?"