Prosesa Kwenye Pindo la Kanga

Mwaka 2001, fundi Faraji wa Mombo alinionyesha kompyuta mbili za bei nafuu. Moja ilikuwa na kasi, lakini prosesa yake, yaani ubongo, imegandishwa kwenye bodi. Ya pili goigoi, ila ubongo wake unachomoka.

"Bibi, chukua goigoi. Ukijaliwa, unachomoa huu unatia mkubwa. Tundu ni lile lile."

"Ungekuwa unachomoka hivyo na wewe, mkeo angeshakubadilisha," nikamwambia. Nikaichukua.

Mashine ilipanda Lushoto kwa lori la kabichi linalorudi tupu. Sisi huku, cherehani ikipanda lori, kile kichuma cha uzi wa chini hubaki na mwenyewe. Mwizi hataki cherehani isiyoshona. Nikamwambia Faraji auchomoe ubongo niubebe. Akautia kwenye kiboksi. Kiboksi huita mwizi, nikakitupa, nikaufunga kwenye pindo la kanga kama mbegu za maharage.

Chumbani Lushoto mjukuu wangu Husna akafungua fundo. Akauinua kwenye mwanga. Ule ubongo una miguu mingi myembamba kama sindano. Mitatu ilikuwa imelala.

"Bibi, umeukalia?"

"Kidogo tu."

Hakucheka. Husna alijifunza kupiga chapa, awachapie watu barua kwa malipo, ili asirudi kupikia wapasua mbao Shume, kambi iliyonirudishia mama yake, binti yangu, ndani ya sanda. Baba yake alishasema: mashine isipowaka leo, kesho anapanda gari la kambi.

Sindano ya kushonea nikaishika mimi, mkono wangu umezoea. Mguu wa kwanza ukainuka. Wa pili pia. Wa tatu ukapinda upande wa pili.

"Ukikatika, Bibi, ndiyo basi."

"Nyamaza, mwanangu. Nashona."

Jasho likanidondokea puani. Nikausukuma taratibu, ukasimama. Husna akauweka ubongo tunduni, ukazama wenyewe. Akafunga kila kitu, akabonyeza.

Feni ikazunguka. Kioo cheusi. Nikasoma Bismillahi mara tatu, kioo bado cheusi. Husna akaanza kulia bila sauti, kama mama yake alivyokuwa akilia.

Mashine ikalia pii! Maandishi meupe yakaanza kushuka, polepole, kigoigoi hivyo hivyo.

Husna akafuta machozi, akachukua mkasi, akakata pindo la kanga yangu.

"Ubongo mkubwa ukija," akasema, "sitaki uwe na pa kuufunga."

Nikaokota kile kipande cha kanga, nikafutia vumbi kioo.