Maji ya Maombi kwenye Gari Iliyofunga Maji

Walisema kule kona ya chemchemi, barabara ya Bugarama, siku zile za vita, wenye bunduki hawafukuzi gari. Wanangoja yenye kiu. Ikisimama kutia maji, wanashuka. Nilisikia hayo sokoni, nikayasikia tena kanisani, chakula kikanishinda.

Mwanangu Vainqueur alikuwa anapanda huko kila juma kuleta viazi, na kagari kadogo ka mazutu, yaani dizeli, kalikochemka mlimani kama sufuria. Basi mwaka ule wa 2002 akakapeleka Buyenzi kwa fundi Massoudi. Fundi akamwaga maji yote, ya radiateri na yale yanayojificha ndani ya moteri, akakausha, akatia dawa nyekundu ya kupoza isiyo na maji. Kifuniko nacho akabadilisha, akaweka chepesi, maana dawa ile haisukumi kama maji ya moto.

"Mama Vainqueur," akaniambia, "toka leo gari imefunga kama mimi Ramadhani. Ila yenyewe haifuturu. Apana hata tone!"

"Na ikisikia kiu?"

"Haisikii. Lakini mukichanganya na maji itachemka, na kifuniko hiki hakitashika."

Tulicheka.

Jumatatu, Vainqueur akiwa anakunywa chai, nilichukua bidon, dumu la maji ambayo mama Béatrice wa chumba chetu cha maombi, hapa Ngagara, aliyaombea siku tatu. Sisi tunayanyunyizia kila kitu: mlango, mgonjwa, viatu vya msafiri. Nikajiambia, maji ya maombi si maji. Nilivuta ile dawa na mpira kama tunavyovuta mazutu, ikaniingia mdomoni, tamu, nikatema. Nikajaza maji yangu, lita mbili. Sikumwambia, angenicheka. Nikapanda naye, nimwombee njiani.

Magari ya njia ile yalipanda pamoja kwa msafara, na askari mbele na nyuma. Tulipokaribia kona ya chemchemi, mvuke ukatoka. Vainqueur akaegesha pembeni. Askari wa lori la mwisho akapiga kelele:

"We dereva, acha hilo sanduku! Pandeni huku, hatungoji mutu!"

"Chef, hii haina maji, haiwezi kuchemka. Labda mpira umelegea. Dakika mbili tu!" Kisha akanigeukia. "Mama, kuna mutu aligusa gari?"

Niliangalia mikono yangu.

"Apana."

Lori likaenda. Akafungua kifuniko kama mtu asiye na la kuogopa. Kiliruka, na maji mekundu yakampiga usoni. Alijifuta na shati, ngozi ya shavu ikabaki kwenye shati. Alilia kama mbuzi anayechinjwa.

Wanaume wanne wakashuka kutoka kwenye mikaratusi. Mmoja alikuwa anacheka: "Leo wametupikia kabisa!" Mimi nilikuwa nimejitupa mtaroni, chini ya majani.

Hakuwa anaona tena. Alinyoosha mikono upande wa sauti zao, akaita, "Mama?" Wakaikata ile mikono kwa panga. Halafu shingo, mara tatu, maana ya kwanza haikutosha. Gari wakaitia moto. Niliuma kitambaa changu mpaka damu ikatoka kwenye fizi, na sikuitika.

Kwenye matanga, Massoudi alikuwa anarudia, "Niliacha maji wapi? Niliacha wapi?" Nilimwacha ajilaumu siku mbili. Ya tatu nikamwambia mbele ya watu wote. Akatoka nje.

Mama mwenzangu, kama mtoto wako anaendesha gari ya namna hiyo, epuka haya:

– Usitie maji kwenye dawa isiyo na maji. Si ya mvua, si ya maombi, si hata kikombe.
– Usiivute kwa mdomo, wala mtoto asiionje kwa kuwa ni tamu.
– Usiguse gari bila kumwambia dereva.
– Usifungue kifuniko moteri ikiwa moto, hata kama uliapiwa haichemki.
– Usiache msafara uende kwa ajili ya gari.
– Ukiulizwa nani aligusa, usiseme apana.