Mji Usio na Harufu

Bibi yangu alitukataza kulala magharibi. Alisema usingizi wa saa ile una mlango upande wa pili, na anayeupita harudi kama alivyokwenda. Nilikuwa nikimcheka, maana mimi ni mtu wa duka na hesabu, si mtu wa ndoto. Lakini siku hiyo nilikuwa nimechoka roho kuliko mwili. Nikajilaza mkekani ukumbini kabla ya adhana, nikisema nafumba macho tu.

Aliyenichosha alikuwa mgeni. Daktari Siwatu, binti mpole anayetafiti ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, alikuja mchana na kishikwambi chake kifuani. Alisema wanajenga kanzidata ya wagonjwa, kila mmoja aeleze dalili zake, zilianza lini na zilianza na nini, ili watafiti wauone ugonjwa mzima badala ya kuuona vipande vipande. "Jina halitoki, dada," aliniambia. "Jina tunalifungia mbali. Kinachobaki ni namba na maelezo." Akaongeza kwamba kesho asubuhi ndiyo mwisho, wanahamia wilaya nyingine. Nikamjibu kwa tabasamu langu la dukani kwamba mama yangu kasafiri. Mama yangu, Bi Mwantumu, mpika udi aliyewafukizia nusu ya maharusi wa mtaa wetu, alikuwa nyuma ya pazia palepale, na kikombe chake kikigongana na kisahani kwa mkono unaotetemeka. Daktari alikisikia. Alilitazama pazia, akanitazama mimi, akaniachia namba yake ya simu, akaaga kwa adabu. Nilijiambia nimemsitiri mama. Mtaani wameshaanza kunong'ona kwamba karogwa; nimtoe tena akaandikwe? Hata hivyo nilibaki na hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Basi nikalala, na katika kulala nikajikuta nimesimama katika mji mweupe ambao sijawahi kuuona, wenye vichochoro vyembamba na nyumba zisizo na milango. Kila mahali pa mlango palikuwa na pazia, zito, limeshuka mpaka chini, wala halitikisiki ingawa upepo ulikuwa ukinipiga usoni. Yasmini ilikuwa imechanua kutani kote. Nikachuma ua, nikalinusa, halikuwa na harufu. Nikanusa nguo yangu, nikanusa kiganja changu, nikainamia chetezo kilichokuwa kikifuka moshi katikati ya njia. Hakuna kitu. Sijui kama wewe umewahi kusimama ndani ya moshi wa udi usisikie lolote. Mimi ilinitisha kuliko giza. Na nyuma ya kila pazia nilisikia sauti ileile ya kwetu, kikombe na kisahani, kila nyumba kwa mwendo wake, na hakuna nyumba iliyoonekana kujua kwamba jirani nako kunagonga.

Mwanamke akanijia bila kishindo, amejifunika buibui mpaka machoni, mikononi amebeba kanga zilizokunjwa. "Karibu, Saumu," alisema kwa sauti laini, na sikumuuliza jina langu kalijulia wapi. "Mimi naitwa Sitara. Mji huu ni wangu. Hapa hakuna anayeonwa, hakuna anayesemwa. Mtu akianza kutetemeka, namletea kanga." Nikasema moyoni, alhamdulillahi, nimempata wa kabila langu. Nikamfuata. Kila alipofika kwenye pazia aliingiza mkono na kanga, na kikombe cha mle ndani kikagonga polepole, kisha kikanyamaza. Nilichungulia mara moja tu. Niliona mzee amekaa, amefunikwa mabega, na uso wake ulikuwa umesimama kama uso wa picha. Macho peke yake ndiyo yaliyonigeukia. Alikuwa akisema kitu. Midomo ilicheza kidogo sana na sauti haikunifikia.

"Anataka nini?" niliuliza.

"Hataki kitu," alijibu mwenyeji wangu. "Wakisitiriwa hawataki kitu."

Tukaendelea, na nikaanza kuona kwamba nyayo zangu zinakwaruza. Hatua zangu zilikuwa zimefupika, nikawa nachapuka bila kufika popote. Nilitaka kujicheka mwenyewe, kama kawaida yangu nikiogopa, lakini mashavu hayakupanda. Nilijishika uso, ukawa baridi na hautii. Hapo tukafika kwenye pazia la maua ya kijani, nikalijua, kwa sababu nililishona mwenyewe. Ndani palikuwa na kiti kitupu, na juu yake kanga ya mama yangu, imekunjwa vizuri. "Mlete," alisema yule mwanamke. "Mahali pake tayari." Nilitaka kukataa. Nilikuwa na sauti ndogo kama ya mbu, hata mimi mwenyewe sikuisikia.

Ndipo akatokea kichochoroni mwanamke mwingine, vumbi mpaka magotini, sauti imemkauka kama ya mnadi. Huyo alikuwa akisimama kwenye kila pazia, anauliza, anangoja, anakwenda linalofuata. Kwa kweli alikuwa msumbufu. "Naitwa Swali," alisema, akanishika bega. "Mama yako, ilianza na nini?"

"Mkono," nikajikaza kusema.

"Na kabla ya mkono?"

Sikujua. Nilimpikia, nilimwogesha, nilimfungia vifungo kila asubuhi, na sikujua. Kisha sauti nzito ya mwanamume ikatoka nyuma ya pazia la jirani: "Mimi kabla ya mkono ilikuwa harufu. Niliuza samaki waliooza, wateja wakanitukana, mimi naapa ni wabichi."

"Harufu?" mwanamke mmoja akajibu kutoka ng'ambo. "Na mimi! Nilikunywa maziwa yaliyochacha, wanangu wakanishangaa."

"Mimi kitunguu kiliungua chunguni."

"Mimi mtoto kajisaidia mgongoni kwangu, nikaambiwa na abiria."

Hapo palitoka kicheko, cha kwanza katika mji ule, na kikaenda kutoka pazia hadi pazia. Vile vikombe vilivyokuwa vikigonga kila kimoja kivyake vikaanza kugonga pamoja, mji mzima, mpaka nywele zikanisimama. Maneno waliyokuwa wakiyaona ni ya fedheha, kila mmoja kwake, yalikuwa neno moja. Nilimwuliza Swali kama sasa watapona. "Mimi siwezi kuponya," alisema, na hakunidanganya. "Nina mdogo wangu, anaitwa Jibu. Hajazaliwa. Anangoja hawa waseme, wengi iwezekanavyo, na wengine huenda wasimwone."

Kisha akamgeukia mwenye buibui. "Na wewe, unamsitiri nani? Mgonjwa, au huyu?"

Kitambaa kikamdondoka usoni. Uso uliokuwa chini yake ulikuwa wangu, umevaa tabasamu langu la dukani, haupepesi macho.

"Huyo ni Aibu," ilisema sauti nyuma yangu. Bibi kizee alikuwa amekaa kwenye uwanja wazi, na kasha lenye kufuli mapajani. "Huazima nguo zangu siku zote, na ninyi mnampokea. Sitara ni mimi. Mimi huchukua jina la mtu nikalifungia humu, ili yeye atoke nje aseme. Nafunika jina, mwanangu. Sijawahi kumfunika mtu."

Nilinyoosha mkono kulivuta lile pazia la kijani, likanishinda, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na adhana ikaniamsha nikiwa nimekamata mkeka.

Mama alikuwa amesimama mbele yangu. Katoka mwenyewe nyuma ya pazia, na chetezo mkononi, kifuniko kikilia kwa kutetemeka. Ukumbi wote ulinukia udi. Nilivuta pumzi mpaka machozi yakanitoka.

"Unalala magharibi, Saumu?"

"Mama," nilisema, "huo udi, unausikia?"

Uso wake haukubadilika. Siku hizi haubadiliki. "Siusikii, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu harusi yako. Nilikufukiza nguo, nikaongeza udi, nikaongeza tena, mpaka shangazi yako akakohoa. Nikajua nimepotewa na kitu. Nikasema leo si siku yangu."

Wanangu wako sekondari sasa. Mkono wake ulianza kutetemeka juzijuzi tu. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nililifunga pazia fundo, nikampigia daktari, nikamwambia mama yangu hakusafiri popote. Akasema anajua. Nikamwekea mama simu sikioni na kumnong'oneza asiogope, jina lake watalificha.

"Langu la nini?" alisema mama kwa ile sauti yake iliyobaki ndogo. "Wafiche lako."

Akaigeukia simu. "Andika, binti yangu. Ilianza kwenye harusi."